Klabu Bingwa Iliyofilisika

Msikilizaji, tarehe 15 Desemba 2023 Wadenmark walijaa ukumbini Herning wakitarajia kuiona timu yao ikiingia fainali ya ubingwa wa dunia wa mpira wa mikono kwa wanawake. Wakakutana na Henny Reistad wa Norway, binti wa miaka 24. Aliwafunga mabao 15 peke yake, na bao la ushindi akalitia dakika za nyongeza zikiwa zinamalizika. Norway 29, Denmark 28. Katika fainali Norway ilifungwa na Ufaransa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano haikumponyoka: ilikwenda kwake.

Sifa hizo anastahili. Mimi leo nauliza jambo ambalo watangazaji wa michezo hulipita haraka: mshahara wa binti kama huyu unatoka wapi, na ukikauka inakuwaje?

Reistad alianzia Stabæk, karibu na Oslo, kisha akajiunga na Vipers ya Kristiansand. Akiwa huko alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2021. Baada ya hapo akavuka kwenda Denmark, kwa Team Esbjerg. Vipers, bila yeye, wakalibeba kombe hilo tena mwaka 2022 na 2023, ikawa mara tatu mfululizo. Ungedhani klabu ya namna hiyo ina hazina isiyoisha. Januari 2025, msimu ukiwa katikati, ilifilisika. Mabingwa mara tatu wa Ulaya, katika nchi tajiri ambayo miezi michache tu kabla ilikuwa imechukua dhahabu ya Olimpiki kwa kuichapa Ufaransa 29 kwa 21, wakabaki wanatafuta mwajiri.

Sisemi Reistad aliyaona hayo yakija. Nasema kipaji hakikuwakinga waliobaki. Na mchezo huu haumpi mtu muda wa kupoteza: ni kuruka, kukatiza ghafla na kugongana, na magoti ndiyo yanayolipa gharama. Muulize Nora Mørk, Mnorway mwenzake, aliyepasuliwa magoti mara nyingi na bado akarudi uwanjani.

Huku kwetu Afrika, timu za mchezo huu mara nyingi hutegemea taasisi kubwa badala ya kujiendesha zenyewe. Kule Angola, Primeiro de Agosto ni ya jeshi na Petro ni ya shirika la mafuta. Nairobi Water ni timu ya kampuni ya maji. Wapo wanaoudharau mtindo huu wakisema si uchezaji wa kulipwa wa kweli. Mimi siudharau, maana mwajiri mwenye mapato mengine hategemei viingilio vya mlangoni. Tatizo lake ni kwamba bosi mpya asiyependa michezo anaweza kuifuta timu kwenye bajeti kwa kikao kimoja.

Kwa hiyo wewe binti uliyeng'ara UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, au michezo ya shule za Kenya, na sasa kuna klabu inakuita: furahi, lakini usisaini siku hiyohiyo. Mpelekee mkataba mtu anayejua kuusoma, na umuulize kiongozi wa klabu mbele ya mzazi wako: goti langu likiumia Machi, mshahara wa Aprili nitaupata kwa nani?