Usalama wa Waendao kwa Miguu na Wapanda Baisikeli Mjini Kisumu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya usalama wa barabara za mji wetu, hasa kwa watu waendao kwa miguu na wale wapandao baisikeli. Jambo hili limo katika hesabu zetu tayari, ijapokuwa halina ukurasa wake. Limo katika mfuko wa maziko. Mtu agongwapo na gari, chama hununua jeneza, hukodi gari la kumpeleka kwao, kisha huwatazama watoto aliowaacha. Ni haki tufanye hivyo. Lakini chama kitoacho fedha za kuzika bila kuuliza mtu alikufaje ni kama mvuvi achotaye maji mtumbwini asilitafute tundu.

Katika Kenya nzima, mwaka 2023, watu 4,324 walikufa barabarani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu.

Husemwa mara nyingi kwamba lawama ni ya watu wenyewe: wavuka ovyo, na vijana wapanda baisikeli bila adabu. Wazee wetu wamelisema hili, nami siwapingi katika lililo kweli. Kwetu huku karibu na ikweta jua likizama giza halikawii. Mtu aondokaye Dunga saa kumi na mbili na nusu jioni na samaki keriani, atafika mjini usiku. Taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma havigharimu fedha nyingi, na asiye navyo haonekani na dereva mpaka amekaribiwa mno. Basi na tuyafundishe hayo.

Ila mafundisho hayatoshi, na sababu yake mtu aweza kuiona akisimama Kibuye siku ya Jumapili. Watu hawavuki pale kwa uzembe. Soko liko upande mmja na matatu yashusha abiria upande wa pili. Mama ana kikapu kichwani na mtoto mgongoni. Kumwambia atembee mbali akatafute mahali pazuri pa kuvukia, kisha arudi mbali vile vile, ni kumwomba jambo ambalo hata sisi tuliovaa tai hatulifanyi. Kivuko chapasa kumfuata mtu pale avukapo. Tuliona ajabu hiyo katika barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012: madaraja ya miguu yalijengwa, na bado watu walionekana wakikimbia chini yake kati ya magari. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, ngazi za daraja ni mlima.

Tena kuna habari ya mwendo, nayo ndiyo kiini. Sheria yaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Gari lendalo hivyo hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, na sekunde hiyo huweza kwisha dereva hajakanyaga breki bado. Kwa mwendo wa kilomita 30, sekunde hiyo hiyo ni kama mita 8. Hizo mita 6 zilizobaki zaweza kuwa uhai wa mtoto. Wala pigo lenyewe halikui sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Ndiyo maana nasema ya kwamba mbele ya shule na soko kilomita 50 ni nyingi mno, hata kama dereva ni mtu mwema na mwenye leseni halali.

Kwa wapanda baisikeli mambo yamebadilika sana katika miaka yetu. Boda boda, kama wazee wajuavyo, ilianza kwa baisikeli zilizovusha watu mpakani Busia, na hapa Kisumu vijana wengi walipata riziki yao juu ya kiti cha nyuma chenye mto. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani juu ya pikipiki ndogo, nazo zikajaa kila mahali. Baisikeli hazikwisha. Zingali zikibeba samaki, maji, mkate na makaa, lakini sasa zasukumwa pembeni kabisa, pale lami inapokatika kama ngazi na mtaro u wazi. Matatu ikipiga honi, huyu atatelemka wapi? Akishuka ghafula na mzigo, usukani humponyoka, na aangukapo huangukia upande wa magari.

Wengine watasema mji hauwezi kugeuzwa. Umekwisha kugeuzwa kidogo, na kila mmoja wetu amekanyaga ushahidi huo. Mwaka 2020 Kaunti ilitoa mpango wa usafiri wa mji uliowatanguliza waendao kwa miguu na wenye baisikeli, na kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 njia za miguu zilipanuliwa katikati ya mji, katika barabara za Oginga Odinga, Ang'awa na Jomo Kenyatta. Leo mzee aweza kutembea pale na mjukuu wake mkononi bila kushuka barabarani. Ni kweli, pikipiki hupanda juu ya njia hizo, na mahali pengine magari huegeshwa. (Wachuuzi siwalaumu sana. Mwuzaji hufuata wapitao, nao sasa wapita pale. Apewe nafasi yake na njia ibaki wazi.) Kasoro hizo zaondoka kwa nguzo fupi na askari mwenye bidii. Kasoro kubwa ni kwamba kazi ile iliishia katikati ya mji, ilhali wengi wetu twakaa Manyatta, Nyalenda na Kondele.

Pale Kondele magari yaendayo mbali yamejengewa barabara ya juu, na chini wamebaki watu, matatu, pikipiki na mikokoteni, kila mmoja akijitafutia upenyo.

Basi tumwendee nani? Hapa wengi hupotea. Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho ni kazi ya Kaunti. Barabara kuu, kama hiyo iendayo Kakamega, ziko chini ya serikali kuu. Barua moja haitoshi. Yatupasa kuandika mbili. Tena Kaunti hupeleka mpango wake wa mwaka mbele ya Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi lifikalo Mei husifiwa na kuwekwa kabatini.

Halmashauri yaleta mbele yenu maombi matatu, nayo ni madogo makusudi: kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana mbele ya soko la Kibuye, mwendo wa kilomita 30 na matuta mbele ya kila shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya lami, na mitaro ya Manyatta na Nyalenda ifunikwe, ili juu yake pawe njia ya miguu na ya baisikeli.

Ombi lisilo na hesabu ni malalamiko tu. Kwa hiyo twataka wanachama 12, wawili wawili, wasimame Kibuye Jumapili mbili, tangu saa moja asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, kwa zamu, wahesabu wavukao na mahali wavukapo. Akina mama wauzao sokoni wamekubali kutoa viti. Daftari ziko kwa mweka hazina, na anayependa kujiandikisha amwone kabla ya chakula.