Macho ya Mtoto Yanapowasha Kila Msimu

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii



Mvua ndefu zinapokaribia kuisha, nyasi hutoa maua na upepo hubeba chavua yake, ule unga mwembamba wa maua, mpaka ndani ya nyumba. Januari na Februari barabara zikikauka, vumbi nalo huchukua zamu. Nyakati hizo kliniki za macho hupokea watoto wengi wa shule wenye macho mekundu yanayowasha, yanayotoa machozi na ute unaovutika kama uzi. Wengine hupiga chafya mfululizo asubuhi na kutokwa na kamasi jepesi kama maji. Huu ni mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Mwili umeidhania chavua kuwa adui na umeanza kupigana nayo.

Mti wa jakaranda hulaumiwa sana kwa kuwa maua yake yanaonekana na kila mtu. Lakini chavua yake hubebwa zaidi na wadudu. Mara nyingi mkosaji ni nyasi za kando ya njia, ambazo hakuna anayezitazama.

Mtoto mwenye mzio wa macho hupata taabu hata shuleni. Mwalimu humrudisha nyumbani akihofia ataambukiza darasa zima. Akiwa kijana, huulizwa kama amevuta bangi. Mzio hauambukizi. Macho ya kuambukiza huanza ghafla, mara nyingi jicho moja kisha la pili, huweza kutoa usaha, na kwa kawaida wengine nyumbani huugua pia. Macho ya mzio huwasha kuliko yanavyouma, huwa yote mawili, na hurudi msimu baada ya msimu. Aina iliyo kali huanza mara nyingi kabla ya mtoto kufikisha miaka 10, na wavulana huipata zaidi kuliko wasichana. Wengi hupona wanapobalehe.

Hatari kubwa iko kwenye kichupa cha dawa. Mzazi huenda duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi, na kwa siku mbili macho ya mtoto yanakuwa meupe. Amefurahi. Mwezi unaofuata yanawasha tena, anarudi kununua kichupa kilekile, au anaazima cha jirani. Miaka inapita hivyo. Steroidi zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ndani ya jicho hadi kusababisha glakoma, na kuleta mtoto wa jicho. Glakoma ya namna hii kwa kawaida haiumi. Mtoto halalamiki, kwa sababu macho hayawashi tena, huku uwezo wa kuona ukipungua kutoka pembeni. Mtoto wa jicho hupasuliwa. Uwezo wa kuona uliopotea kwa glakoma haurudi.

Steroidi si sumu. Daktari wa macho huzitoa kwa muda mfupi mzio unapokuwa mkali, akipima presha ya jicho. Kosa ni kujinunulia. Kabla ya kulipa, mzazi asome kibandiko: deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni zote ni steroidi, hata zikichanganywa na dawa ya kuua viini. Yapo matone ya mzio yasiyo na steroidi, na baadhi yake hufanya kazi polepole, hivyo hutumiwa kila siku katika msimu wote, si siku ya kuwashwa tu.

Nyumbani, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa hutuliza muwasho haraka, na hakigharimu kitu. Mtoto anawe uso na mikono akitoka kucheza, avae kofia yenye ukingo, na asifikiche macho. Kufikicha kwa miaka mingi huweza kubadilisha umbo la kioo cha jicho. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu mtoto akiwa ndani. Maziwa ya mama, majani ya chai na mkojo visiwekwe machoni kamwe.

Kwa chafya, setirizini au loratadini hazileti usingizi sana kama vile vidonge vya manjano vya zamani, ambavyo humfanya mtoto asinzie darasani. Anayekoroma kifuani au kuishiwa pumzi asingoje, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni pumu.

Mtoto ambaye macho yake yanauma, hayawezi kustahimili mwanga, au yanaona ukungu, apelekwe kliniki ya macho bila kuchelewa. Vivyo hivyo yule aliyetumia matone ya dukani kwa zaidi ya wiki mbili, hata kama macho yake sasa ni meupe. Mzazi aje na vichupa vyote alivyowahi kumtilia, hata vilivyokwisha, ili mhudumu asome kilichokuwa ndani.