Marhamu za Vidole Vinavyokufa Ganzi kwa Baridi



Asubuhi za Juni na Julai huku Uluguru, mtu hushika maji ya kijito, na ghafla vidole vyake viwili vitatu hupauka, vikafa ganzi, vikaelekea rangi ya samawati. Damu inaporudi huwaka na kuuma. Katika ngozi nyeusi weupe huo huonekana vyema zaidi kwenye kucha na viganjani. Hali hii iliyoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862 si uchawi wala upungufu wa damu: mishipa midogo hujibana kupita kiasi.

Tunaulizwa mara nyingi kuhusu marhamu za minadani. Nyingi zina mentholi, kafuri, pilipili au mafuta ya karafuu. Hizo huipa ngozi hisia ya joto au ubaridi, lakini hisia ya joto si ushahidi kwamba mishipa imefunguka. Ninyi mnaolima viungo mnajua ukali unavyochoma. Kidole chenye ganzi hakijui, na hapo ngozi huungua mtu asitambue.

Marhamu ambayo tafiti zimeonyesha kuwa yaweza kusaidia ni ya nitrogliserini, dawa ileile ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Hulegeza mishipa ya damu. Lakini haibaki kidoleni: hupenya ngozi na kuingia mwilini, ikaleta maumivu makali ya kichwa, kizunguzungu na kushuka kwa shinikizo la damu. Anayetumia sildenafili, zile dawa za nguvu za kiume (na wengi huzimeza kimyakimya), asiiguse kamwe. Kwa hiyo si dawa ya kuazimana na jirani. Mwambieni daktari dawa zote mnazotumia, hata zile za aibu, kwani baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama propranololi, huweza kuzidisha tatizo lenyewe. Mara nyingi yeye huanza na vidonge vya nifedipini.

Kopo lisilotaja viambato, mtengenezaji na tarehe ya kuisha muda lirudisheni kwa muuzaji.

Glavu, maji ya uvuguvugu na kuacha tumbaku havina gharama kubwa, vianze hivyo. Mkono wenye ganzi usiwekwe juu ya makaa. Na kidole kikitoka kidonda, kikibaki cheusi, au maumivu yasipoisha baada ya kupata joto, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo.