Mafuta Yakipungua, Nani Atalipa?

Mada kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Mbegani



Tume ya Haki na Amani imeombwa kuzungumza nanyi juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Huenda wapo wanaojiuliza mambo haya yanaihusu nini Tume. Tunaomba subira yenu. Tutaanzia ufukoni, kwenye fungu la baharia, na hapo mtaona kwa nini tumekubali kuja.

Chombo chenye mashine kinaporudi na samaki kuuzwa mnadani, gharama za safari hutolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho hugawanywa, sehemu kwa mwenye chombo na nyavu, sehemu kwa nahodha na mabaharia. Wakati mafuta yalipokuwa rahisi, desturi hii haikumwumiza mtu sana. Bei inapopanda, lakini, fungu la mabaharia huliwa kabla halijagawanywa. Tajiri aliyekopesha mafuta hurudishiwa deni lake lote, na mara nyingi yeye huyo ndiye mnunuzi wa samaki, kwa bei anayoitaja mwenyewe. Naye mama karanga anayengoja ufukoni hununua kwa bei kubwa au hurudi na ndoo tupu. Hapo hakuna aliyeiba, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, tukiitazama hali hii kwa mwanga wa Injili, hatuwezi kusema kuwa ni haki.

Na shida hii itarudi. Nchi yetu ina gesi asilia, lakini mafuta yote ya magari na mashine huja kwa meli kutoka ng'ambo. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipopunguza mauzo yao, bei duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, nasi tulikuwa katika gharama za vita vya Kagera. Wazee wetu wanakumbuka magari ya binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na mwezi Juni Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100. Mwaka uliofuata dola zilikuwa adimu na vituo kadhaa vikakauka. Kila mara tulisubiri ipite, nayo ikapita. Lakini mafuta ni mali ya kisima, hayaoti tena. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaka dunia iyaache hatua kwa hatua bila kukawia, kwa sababu ya madhara yake kwa hali ya hewa. Yawe yamekwisha au yameachwa, sisi tulio mwisho wa foleni tutayakosa mapema.

Jirani yetu ni Chuo cha Uvuvi, kilichokuzwa kwa msaada wa Norwei tangu miaka ya 1970. (Norwei yenyewe ilianza kuchimba mafuta ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1971, haishangazi kwamba wataalamu wa siku zile waliona maendeleo ya uvuvi kuwa ni mashine.) Hatuidharau elimu ile, imewalea vijana wengi. Lakini karibu kabisa na chuo hicho ngalawa zimeendelea kutweka tanga, zikitoka alfajiri na umande na kurudi na upepo wa baharini jioni. Ujuzi huo sasa umo mikononi mwa wazee. Kijana aliyezoea mashine hajui kubisha, na mashine ikizimika katikati ya mkondo hana la kufanya. Jumuiya inayoacha ujuzi huu upotee inatupa akiba ambayo haitaweza kuinunua tena.

Tuitazame pia mikoko. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa iliongezwa sana, kusudi wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini mwenye kibatari ndiye aliyeumia. Nishati ya dukani inapokuwa ghali, shoka huelekea msituni, na kwetu msitu wa karibu ni mikoko, ambamo kamba na samaki wadogo hukulia. Mwenye kukaanga samaki hatuwezi kumlaumu kwa kutafuta kuni. Afadhali kikundi kinunue pamoja majiko yanayotumia kuni chache, na taa za jua badala ya karabai kwa wavuvi wa dagaa.

Wengine hutukumbusha wanawali kumi wa Mathayo 25, wale wenye busara waliokataa kugawa mafuta. Mfano ule unahusu kukesha katika imani. Haumpi mtu ruhusa ya kuficha madumu nyumbani wakati jirani yake amekwama.

Tunapendekeza basi kwamba wenye vyombo na mabaharia, Wakristo na ndugu zetu Waislamu ambao ndio wengi katika vyombo hivyo, wakae chini ya viongozi wa ufuko na kukubaliana upya: bei ya mafuta ikizidi kiasi fulani, ziada ibebwe nusu kwa nusu kabla ya mgawo. Vikundi vya akiba vianzishe mfuko wa kukopesha mafuta ya safari, ili baharia asilazimike kumwuzia aliyemkopesha. Itakuwa kazi ngumu, na matajiri wengine watakataa. Tuanze na wale watakaokubali.

Kabla ya kikao kijacho kila jumuiya ituletee majibu matatu: ni familia ngapi zina deni la mafuta kwa mnunuzi wa samaki, ni nani kati yetu bado anashona tanga au kuchonga ngalawa, na ni wazee gani watakaokubali kuwafundisha vijana wakati wa tangambili, kusi inapokwisha na kaskazi haijaanza.