Makumbusho ya Kahawa ya Santos, na Safu Isiyokuwamo katika Stakabadhi Zetu

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Nilipoombwa nizungumze nanyi niliambiwa nieleze niliyoyaona katika safari ya mafunzo nchini Brazili. Mashamba tuliyoyatembelea yalikuwa mengi, lakini nimeona afadhali niseme habari za nyumba moja tu, kwa kuwa humo ndimo nilimotambua kosa langu mwenyewe.

Nyumba hiyo iko Santos, mji wa bandari katika jimbo la São Paulo. Ilifunguliwa tarehe 7 Septemba 1922, Wabrazili walipokuwa wakiadhimisha miaka 100 ya uhuru wao, nayo ilijengwa iwe soko rasmi la kahawa. Tangu mwaka 1998 imekuwa Makumbusho ya Kahawa. Sisi tumezoea kwamba katika makumbusho mtu hutazama vitu vilivyofungiwa kiooni, huku mlinzi akimkumbusha asiguse. Pale tulinusa, tukaonja, na mwenyeji wetu akatutia punje mkononi na kutuuliza maswali ambayo mgeni hapendi kuulizwa mbele za watu.

Ukumbi wa mnada ndio kiini cha nyumba yenyewe. Viti vya madalali vimepangwa kuuzunguka, na juu dari ni ya vioo vya rangi vilivyobuniwa na mchoraji Benedicto Calixto, ambaye pia alichora picha kubwa za ukutani zinazoonyesha Santos ya zamani na bandari yake. Ndugu zangu waliowahi kuhudhuria mnada wa Moshi wataelewa nilivyojisikia. Ni shughuli ile ile: mkulima hayupo, kahawa yenyewe haipo isipokuwa sampuli, na bei inatajwa na watu waliokaa vitini. Nilikaa kimya kidogo nikifikiri ni mara ngapi maisha ya Kibosho na Mbinga yameguswa na mambo ya nchi ile. Baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, na kufikia mwaka 1977 bei ya dunia ilipita dola 3 kwa ratili. Wakati huo sisi huku tulikuwa tumekwisha vunja vyama vyetu vikuu, mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha haikupatikana mpaka 1982. Kwa hiyo bei nzuri kuliko zote ilimkuta mkulima akiwa hana chama chake kikuu cha kumsemea. Hilo nalitaja kwa kupita tu.

Jambo jingine lililonigusa ni la huzuni. Kati ya mwaka 1931 na 1944, bei ilipoanguka, serikali ya Brazili iliharibu zaidi ya magunia milioni 70 ya kahawa, mengine kwa moto na mengine kwa kutupwa baharini, ili bei ipate kuinuka. Kila gunia ni kilo 60. Na kabla ya hapo, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1888, kahawa ya Brazili ilichumwa na watumwa waliotolewa Afrika, wakiwamo watu wa Msumbiji, ambao ni jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Mtu hunywa kikombe kilichopikwa vizuri katika mkahawa wa makumbusho yale, lakini hakishuki kooni kwa wepesi.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Tulipokuwa mbele ya vyombo vya kale vya kupimia madaraja ya kahawa, mwenyeji wetu, mzee aliyefanya kazi ya kuonja kahawa kwa miaka mingi, aligeuka akaniuliza mimi kwa kuwa alikwisha ambiwa kazi yangu ni ukaguzi: “Chama chenu hupokea kahawa ikiwa na unyevu kiasi gani?” Nilimjibu kwamba tunapokea kahawa kavu. Akacheka kwa heshima, akauliza tena: “Kavu kiasi gani?” Ndugu Wanachama, nilikosa jibu. Nilipiga picha akilini ya stakabadhi yetu: tarehe, jina la mwanachama, namba yake, kilo, daraja, sahihi. Safu ya unyevu haimo.

Hapo nilimkumbuka katibu mmoja. Chama chake sitakitaja, wala yeye. Misimu michache iliyopita nilikagua vitabu vyake nikakuta leja ya ghala inaonyesha kilo 12,000 za kahawa iliyomenywa na kuoshwa, ikiwa bado katika ganda lake la ndani. Lakini hati ya kiwanda cha kukobolea ilionyesha kwamba zilizofika ni kilo 11,610. Pungufu kilo 390. Katibu alisema hakuiba, ila hakuweza kueleza zilikokwenda. Mimi niliandika katika taarifa kwamba ni upotevu uliotokana na uzembe au udanganyifu, bodi ikamdai thamani yake, naye akauza ng'ombe wake wawili akalipa. Kisha akaacha kazi.

Jioni ile Santos nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga tangu mwanzo. Kilo 1,000 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 140 za maji na kilo 860 za kahawa yenyewe. Kahawa hiyo ikikauka ghalani mpaka asilimia 11, zile kilo 860 hazipungui. Yanayopungua ni maji, na mizani itasoma kilo 966 hivi. Kilo 34 zimepaa hewani bila mwizi. Kwa kilo 12,000 ni kilo 404. Mimi nilikuwa nimemshtaki mtu kwa kilo 390.

Niliporudi nilifukua jalada. Hati ya kiwanda ilikuwa imeandika unyevu wa asilimia 11, mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Upande wa chama hakuna aliyepima, lakini wanachama wenyewe walikiri kwamba mvua ya msimu ule iliwafanya waanue kahawa vichanjani kabla haijaiva kwa jua, na katibu aliipokea kwa sababu walimsihi. Siwezi kuapa kwamba kila kilo ilikuwa maji. Naweza kuapa kwamba sikuwa na haki ya kuandika neno “udanganyifu”. Nimeiandikia bodi barua ya kuifuta taarifa yangu. Mkutano mkuu umekubali arudishiwe nusu ya fedha. Nusu ya pili ingali inabishaniwa, na wako wanaosema mkaguzi ndiye anayestahili kuilipa. Sikuwakatalia. Katibu mwenyewe nilimwendea nyumbani. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza, hakusema neno.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kuanzia msimu ujao nitakapofika kwenu nitaomba kuona mambo mawili mapya: unyevu wakati wa kupokea, uandikwe kando ya kilo katika stakabadhi na katika leja, na unyevu wakati wa kupakia gari. Chama kisicho na kipima unyevu kiazime cha jirani siku za mapokezi, au bodi ipitishe ununuzi wake katika makisio ya mwaka huu. Wazee wetu hupima kwa jino, na mara nyingi hawakosei, lakini jino haliwezi kuwekwa kwenye jalada. Mwanachama atakayeleta kahawa mbichi arudishwe nayo kichanjani, hata akiwa mjumbe wa bodi, hata akiwa shemeji yako. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu, na ningependa tuanzie hapo katika maswali.