Mwamba wa Kakapel na Habari Zake



Katika nchi ya Kambodia, huko Asia, limo hekalu la mawe liitwalo Bayon, lililojengwa katika enzi ya Jayavarman VII, mfalme wa Wakhmer, yapata mwisho wa karne ya 12. Kuta zake zimechongwa picha za vita, na pia za mambo ya nyumbani: watu wapikao, wauzao sokoni, na wapiganishao majogoo. Wageni wa dunia nzima huenda kuzitazama. Lakini mkulima wa Tongaren hana haja ya kupanda ndege ili aone jiwe lililotiwa alama na watu wa kale. Akielekea magharibi kupita Bungoma, mpaka vilima vya Chelelemuk katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda, ataufikia mwamba wa Kakapel.

Huo si hekalu, wala haukuchongwa kwa patasi. Ni jabali liinamalo mbele kama paa, ambalo chini yake watu walijisitiri mvua na jua. Usoni pake pamepakwa michoro myekundu na myeupe. Mtu mwenye haraka huona madoa tu. Akitulia na kuinua macho, huona duara ndani ya duara, kisha ng'ombe. Wataalamu hutambua mitindo isiyopungua mitatu. Maduara, ambayo ni ya kale zaidi, hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji wa jamii ya Watwa. Ng'ombe walichorwa na wafugaji waliokuja baadaye. Wachoraji hawakuacha maelezo, na heri mtu asimwamini upesi kiongozi adaiye kuijua maana ya kila mstari.

Udongo wa chini ya jabali nao una habari, na kwa mkulima pengine ni kubwa kuliko za rangi. Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiwamo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, waliutia udongo huo majini ili mbegu zilizoungua zamani zielee na kuokotwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Watu walianza kukaa pale yapata miaka 9,000 iliyopita. Kunde iliyopimwa ilionekana kuwa na umri wa miaka 2,300 hivi. Wimbi na mtama vililiwa pale si chini ya miaka 1,000 iliyopita. Basi uji wa wimbi una ukoo mrefu katika nchi hii. Mahindi, ambayo leo yamejaa ghala za Tongaren, ndiyo mgeni, maana asili yake ni Amerika.

Kakapel ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2006 humwadhibu aharibuye mahali pa namna hiyo. Hata hivyo wako waliokwisha kuandika majina yao juu ya michoro, na ikawapasa mafundi kuyafuta polepole, wakichelea kufuta pia rangi ya kale.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi na aache chaki na makaa shuleni. Mikono isiguse rangi, kwa kuwa jasho na mafuta ya ngozi huila. Wala jabali lisimwagiwe maji ili picha zing'ae, kama wafanyavyo wengine wapigao picha. Jua la mchana na subira vyatosha.