Somo la Redio: Chifu Patrick Kunambi wa Uluguru

Wekeni kalamu chini, kwanza sikilizeni.

Leo nataka kuwaeleza habari za mtu aliyeshika madaraka wakati serikali zikibadilika. Jina lake Chifu Patrick Kunambi.

Zamani Waluguru waliongozwa na wakuu wa koo. Ukoo ni wa upande wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa ardhi. Kule Kinole alikuwapo Kingalu, aliyeendewa kwa habari za mvua. Wadachi walipokuja wakaweka maakida. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Morogoro, na baadaye wakaweka Sultani mmoja juu ya Waluguru wote. Sultani huyo alipokea amri kwa Bwana D.C.

Katika miaka ya 1950 Sultani alikuwa Sabini, na Kunambi, mtu msomi, akawa naibu wake. Lakini Kunambi alikuwa na jambo jingine. Tarehe 7 Julai 1954 alikuwa mmoja wa watu 17 walioanzisha chama cha TANU mjini Dar es Salaam, pamoja na Julius Nyerere. Chama kilitaka Waingereza waondoke. Naye kazi yake ilikuwa chini ya Waingereza. Je, ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Jaribu likaja upesi. Tangu mwaka 1950 serikali iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani ili mvua isichukue udongo. Ni kweli udongo ulikuwa ukichukuliwa, hilo sikatai. Lakini aliyepanda milima ile kwa miguu anajua mteremko wake. Kuchimba ngazi pale ni kazi ya kuvunja mgongo, na jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mtu alichimba, akapanda, akavuna kidogo kuliko zamani. Aliyekataa alishtakiwa. Lawama zikamwangukia Sultani na watu wake, maana amri ilipita mikononi mwao. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, watu walirusha mawe. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka huohuo mpango wa matuta ukaachwa.

Mwaka 1958 ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere alisimama kwa TANU. Aliyeshindana naye alikuwa nani? Kunambi, yule mwenzake wa mwaka 1954! Nyerere alipata kura kama 2,600, Kunambi kama 800. Wengine watamwita kigeugeu. Mimi naona si haki kumhukumu upesi hivyo, kwa sababu naibu wa Sultani alibanwa pande mbili.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 serikali mpya ikafuta madaraka ya machifu nchi nzima. Cheo cha Sultani wa Waluguru, kilichowekwa na Waingereza, kikaisha. Lakini Kinole jina la Kingalu halikuisha. Akifa mmoja, mwingine wa ukoo hulirithi, mpaka leo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: ukoo, naibu, matuta, kura.